Bwana Harusi na Injini Mbili

Mimi Duni nauza kahawa njia panda ya kwendea Wambaa, na Mungu ananiona, subira yangu huisha kabla ya kahawa. Siku ile barazani walikaa wanne. Mabruki Chuma, mwenye pikipiki aliyorithi kwa babake. Suhaib Mataa, mwenye pikipiki mpya iliyojaa taa za buluu mpaka magurudumuni. Hudhaifa Injinia, ambaye hata baiskeli hajapata kumiliki. Na Soud, kavaa kanzu na joho, anaoa Wambaa baada ya Alasiri. Gari la wazee lilishatangulia; yeye kabakishwa apelekwe kwa pikipiki, aingie kwa mbwembwe. Mzee Humoud, walii anayemwozesha bibi harusi Intisar, hana mchezo: alishawahi kumrudisha bwana harusi aliyefika watu wanakunja majamvi. Kilichobaki ni kuamua Soud apande pikipiki ipi.

— Apande yangu, akasema Mabruki. Injini ya zamani, chuma kitupu! Itazame nikeli ile, kioo cha ntu kunyolea ndevu.

— Ndevu zina kinyozi, akajibu Suhaib. Bwana harusi apande kitu kinachong'ara. Yangu nabonyeza tu, inawaka. Yako mpaka uipige mateke.

— Teke ndiyo heshima yake! Injini hii inanijua, yakhe. Nikikohoa tu, inanguruma.

— Basi nendeni hospitali, nyote wawili mna kifua.

— Jamani, n'tachelewa, akasema Soud.

— Tulia, bwana harusi, hili jambo la kitaalamu, akaingia Hudhaifa Injinia. Injini mpya ina ubongo. Na chenye ubongo huumwa kichwa.

— Na ya Mabruki? akauliza Suhaib.

— Ile haina ubongo, ina roho. Tatizo roho ya kizamani ina kiburi, haipendi kupanda vilima.

— Wallahi huyu anasema kweli, akanong'ona Mabruki, hajui kama kasifiwa au katukanwa.

Nikashindwa kuvumilia.

— Nyie! Mpelekeni mwana wa watu!

— Duni, shughulika na kahawa yako, akasema Injinia. Injini hupimwa kwa mlio. Washeni zote mbili, tusikilize.

Wakaziwasha. Loo, kelele zile! Mabruki akavuta mafuta, Suhaib akavuta zaidi. Injinia kafumba macho, kidole juu, kama anasikiliza kisomo. "Bado," anasema. "Bado kidogo." Soud anazunguka na joho lake, anamshika huyu, anamshika yule, hakuna anayemsikia. Adhana ya Alasiri ikalia, nayo tukaisikia vipande vipande.

Mara ya Mabruki ikakohoa, ikanyamaza. Suhaib hajamaliza kucheka, yake nayo kimya.

— Mwaona? akasema Injinia. Zimeheshimu adhana.

Mabruki akafungua tangi, akachungulia. Kukavu. Suhaib akatikisa lake, kukavu vilevile. Na muuza mafuta wa chupa naye kesha kwenda harusini.

— Mumeniua, akasema Soud, na machozi yakamtoka mbele ya watu wazima. Nampenda Intisar, na nyie mumeniua.

Ndipo akapita Zubeir, muuza samaki wa Shumba, na baiskeli yake yenye tenga nyuma. Akasimama, akawasalimu wote, akatazama pikipiki zinavyometameta juani.

— Mashallah. Ipi inakwenda?

Mabruki akatazama viatu vyake. Injinia akaomba kahawa.

Soud hakungoja. Akakunja joho, akapanda juu ya tenga la samaki, akamkumbatia Zubeir kiunoni. Wakateremka kilima, kengele ikilia njia nzima.

Magharibi Zubeir akarudi kutueleza. Walikuta majamvi yanakunjwa. Soud kalowa jasho, kanzu ina magamba, ananuka samaki changu. Mzee Humoud akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akauliza amekuja na nini. Soud akasema: "Na kilichokwenda, Mzee." Mzee akaamuru majamvi yatandikwe tena. Akamshika mkono wenye shombo, na hakuuachia mpaka ndoa ikafungwa.

Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Nikamjazia Zubeir kikombe, bure.

— Hebu, Zubeir, akasema Injinia, akivuta kiti karibu. Hiyo baiskeli yako ni ya zamani au mpya?

Nikabeba dele langu la kahawa, nikenda zangu nyumbani.