Kisigino cha Posta

Mwaka 1971, kwa miezi minane mizima, kisigino cha Mokaya kilikuwa habari ya kila asubuhi kwenye benchi ya fundi viatu pale Sotik, kando ya barabara ya Kisii. Mokaya alikuwa amebeba mfuko wa barua kwa miguu kutoka Sotik mpaka shamba la chai upande wa Kaplong kwa miaka kumi na moja, ndiyo maana akaitwa Posta. Sasa kila akitoka kitandani, hatua ya kwanza ilimchoma kama msumari. Na leo karani wa shamba amemwambia wazi: mwezi ukiisha bado anachechemea, mfuko utapewa mtu mwingine, na nyumba ya kampuni pia. Aliketi akainamia kikombe chake cha chai.

— Ni kiatu, alisema Otiende, fundi mwenyewe, ambaye watu wa benchi walimwita Soli. Hiyo imeisha.

— Umenibadilishia soli mara tatu!

— Basi mguu yako haijazoea soli mpya.

Kipsang akatikisa kichwa. Aliwahi kufagia wodi ya hospitali, kwa hivyo jina lake lilikuwa Daktari.

— Wacha viatu, pwana. Mfuko inakaa bega ya kulia, damu yote imeteremka kushoto. Atembee kinyumenyume wiki moja, itarudi.

— Kinyumenyume mpaka Kaplong?

— Kwani barua zitajua?

— Nyinyi hamjui kitu, Soli akasema. Ni mashine mpya ya kiwanda. Inatetemesha ardhi, na kisigino ndiyo inasikia kwanza.

Mokaya hakucheka. Alikuwa anamwaza mkewe Mellen, na vitu vyao vikitolewa nje ya ile nyumba. Hapo mama aliyekuwa akiwauzia chai akaweka birika chini.

— Baba, toa kiatu.

— Hapa mbele ya watu?

— Watu gani? Hawa?

Akavuta kreti, akauweka mguu wa Mokaya mapajani. Hakuanza na kisigino. Alianza na shavu la mguu, akilikanda polepole kwa vidole gumba, kama nyanya yake alivyomfundisha.

— Unasikia uchungu chini, lakini huku juu ndiko kumekaza.

Alipofika chini na kubonyeza ndani ya kisigino, Mokaya alipiga ukelele. Daktari akasimama.

— Mama, utamvunja!

— Keti, unywe chai.

Akavivuta vidole vya mguu nyuma mpaka unyayo ukanyooka.

— Kila asubuhi fanya hivi kabla hujakanyaga chini. Halafu upite hapa nikukande.

Alipita kila siku. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani akilalamika. Ya pili, akanyamaza. Wiki ya tatu, asubuhi moja, alifika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba ana kisigino. Akarudi kitandani, akashuka tena ahakikishe.

— Mellen! Mellen, kuja uone!

Siku ya mwisho ya mwezi alipanda kilima cha Kaplong mvua ikimpiga, mfuko begani, bila fimbo. Karani alitazama miguu yake, akatazama saa ukutani, akapokea barua. Kurudi Sotik, Mokaya alikimbia. Alipofika kwenye benchi watu walipiga makofi mpaka wenye maduka wakatoka nje.

— Ni ile soli yangu ya tatu! Soli akapaza sauti.

— Soli gani? Damu imerudi! Daktari akasema.

Mwanamke mmoja mchuma chai alikuwa amesimama hapo, anachechemea, amesikia yote.

— Yule aliyemkanda ni nani?

Wote wakanyoosha mikono kuelekea kwenye birika.

— Anaitwa nani?

Soli akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Mokaya. Mokaya akainama kukaza kamba ya kiatu. Uso ukamwaka kwa haya. Miaka yote hiyo walikuwa wamemwita Mama Chai.

— Chepkemoi, akasema mwenyewe, akicheka, huku akifuta mikono yake kwenye leso. Na wewe Posta, mpishe huyu mama aketi.

Mokaya akainuka haraka, kwa miguu yote miwili.