Mama Rudi na Gari la Sentimita Kumi na Nane

Jumatatu tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Mama Rudi atazima tochi yake, atapanda ngazi saba za shimo la ukaguzi namba mbili, na hatashuka tena. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa katika kituo chetu cha ukaguzi wa magari. Hesabu ni yake mwenyewe. Mimi niliandika "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia rasimu ya maneno haya ya kumuaga ikiwa na alama nyekundu pembeni.

Alianza kazi akiwa karani wa getini, akiandika namba za magari yanayoingia. Baada ya miaka sita aliomba kwenda kusomea ukaguzi. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimuuliza nani atakuwa anamshikia tochi huko shimoni, akajibu kwamba amezaliwa na mikono miwili na yote inafanya kazi. Akawa mwanamke wa kwanza kushuka kwenye mashimo yetu. Wiki ya kwanza alipewa gari la mkuu huyohuyo, kama heshima. Alilikagua kwa dakika arobaini, akapanda juu, akajifuta mikono, akasema, "Rudi baada ya siku kumi na nne." Mkuu akarudi. Jina nalo likabaki. Hata mumewe, fundi cherehani, humwita hivyo hivyo, na akimwita kwa sauti barabarani, wapita njia hugeuka na kuanza kurudi walikotoka.

Madereva wamejaribu kila mbinu. Kuna aliyemwaga manukato gari zima ili kuficha harufu ya petroli inayovuja. Mama Rudi alipiga chafya mara tisa na kulikataa gari kati ya chafya ya nne na ya tano. Kuna majirani wawili waliokuwa na seti moja tu ya matairi mazuri. Wa kwanza alipita nayo kwenye foleni ya asubuhi, wakayahamisha nyuma ya ukuta, wa pili akaja nayo mchana. Mama Rudi aliyasalimia yale matairi, akayauliza habari za tangu asubuhi, akawakataa wote wawili.

Lakini wale mnaomjua kwa ukali tu hamjafungua droo yake ya tatu.

Ilianza mwaka wake wa kumi na mbili kazini. Mumewe alimnunulia zawadi: boksi la gari la kuunganisha, vipande zaidi ya mia vya plastiki ambavyo mtu hukata, hupiga msasa na kugandisha kwa gundi mpaka litoke gari dogo, mfano wa lile la kweli. Juu ya boksi palikuwa na picha ya gari jekundu la mashindano. Ndani mlikuwa na kitu kingine kabisa: gari la familia la zamani, milango minne, rangi ya kahawia, lenye uso wa mtu aliyeamshwa usingizini ili aulizwe njia. Kiwandani walikuwa wamechanganya. Fundi cherehani aliona aibu, akataka kulipeleka dukani libadilishwe. Mkewe akamkatalia.

"Magari mazuri yana watu wake," alimwambia. "Hili lina nani?"

Tangu siku hiyo hajaunganisha gari hata moja linalopendwa. Kila saa ya chakula cha mchana alikula kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alishika kikata kucha, kibano cha nyusi au brashi yenye nywele tatu. Ametengeneza gari la magurudumu matatu lililokuwa likilala ubavu kila dereva aliposhiba. Ametengeneza lile lililofungua buti lenyewe kila ukipiga honi. Ametengeneza pikapu ambayo wakati wake ilitangazwa kuwa nyepesi kama unyoya, na kweli upepo uliwahi kuihamisha. Na hakuyapendezesha. Bampa lililokuwa limepinda katika maisha yake halisi, kwake pia lilipinda. Siku moja alimwomba mteja ruhusa ya kukwangua kutu kwenye chesisi, akaisaga, akaichanganya na rangi. Mteja alidhani anaanza kulibomoa gari lake papo hapo, akakimbia akaacha funguo.

Kila gari lililokamilika alilikagua. Namaanisha hasa: alichukua fomu rasmi, akajaza mistari yote thelathini na sita, akaweka sahihi. Injini: hakuna. Waipa: zimechorwa. Kiti cha dereva: kimejaa gundi. Kati ya magari arobaini na mawili, hakuna hata moja lililofaulu. Fomu alizihifadhi kwenye droo ya tatu, pamoja na magari yenyewe, na hakuna aliyeumia.

Gari la arobaini na tatu ndilo lililotuletea makubwa.

Baba yake mzazi alikuwa dereva wa teksi. Teksi yenyewe ilikuwa ya aina ambayo watu waliiita Kabati, kwa sababu ilifanana na kabati, na milango yake ilifungwa kwa namna ileile, kwa goti. Mama Rudi alipokuwa msichana wa shule aliionea haya. Kila asubuhi alimwomba baba yake amshushe kwenye kona, kabla ya lango la shule, ili wenzake wasimwone akitoka ndani ya Kabati. Baba alisimama, akamshusha, hakuuliza kitu. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka arobaini na minane, na kwa miaka kumi na tisa alitafuta boksi la Kabati la kuunganisha bila kulipata, maana hata viwanda vinavyotengeneza mifano ya magari mabaya viliona hili limezidi. Mwishowe shemeji yake, dereva wa lori, alilikuta kwenye duka la vitabu lililokuwa likifungwa, boksi limepauka kwa jua mpaka picha haionekani.

Aliliunganisha kwa miezi mitano. Januari mwaka huu alilimaliza, akalijazia fomu kama kawaida: namba ya usajili ya teksi ya baba, urefu sentimita kumi na nane, breki hakuna, uamuzi halifai kuwa barabarani. Akaiacha fomu mezani, akaenda kunawa mikono. Karani wetu wa masjala, ambaye wiki hiyo alikuwa akisafisha meza zote kwa sababu ya ugeni, aliikuta, akaipiga muhuri, akaituma makao makuu.

Makao makuu waliisoma. Walipofika kwenye "sentimita kumi na nane" waliona ni kosa la kalamu, wakasahihisha: mita.

Basi Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, liliingia kituoni gari la kuvuta magari ambalo sijawahi kuona ukubwa wake. Lilikuwa na minyororo, taa za kuzunguka, na kando ya dereva alikaa afisa mwenye faili kifuani. Walikuja kuchukua chombo cha mita kumi na nane, kisicho na injini wala breki, kinachohatarisha umma.

"Liko wapi?" afisa aliuliza, akitazama juu ya paa la ofisi, kana kwamba limejificha nyuma.

Mama Rudi alivuta droo ya tatu.

Afisa alichungulia ndani ya droo. Dereva wa gari la kuvuta ndiye aliyezungumza kwanza. "Mama," alisema kwa upole, "mimi nimekuja na minyororo tani mbili."

Afisa aliketi. Alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na tatizo: faili lilikwisha kufunguliwa, na ili lifungwe kwa ukweli, mtu fulani kule juu angelazimika kukiri kwamba aligeuza sentimita kuwa mita. Alimpa Mama Rudi njia mbili. Akabidhi kigari, kikapondwe kama amri inavyosema, na mambo yaishe kimya. Au asikikabidhi, na faili libaki wazi, na katika faili hilo ipo barua ya kumtaka ajieleze kwa nini anatumia fomu rasmi kukagua vitu vya kuchezea, miezi minne kabla ya kustaafu.

"Si umelikataa mwenyewe?" afisa aliuliza. "Sahihi ni yako."

"Nimelikataa," alisema Mama Rudi. "Sijalichukia."

Kisha akamkumbusha kanuni, ambayo anaijua kuliko namba yake ya simu: mwenye chombo kilichokataliwa ana siku kumi na nne za kukirekebisha na kukileta kukaguliwa upya, na mkaguzi mwingine. Afisa alipekua faili, akaikuta kanuni, akatoa pumzi kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu mkaguzi mwingine wa zamu nilikuwa mimi.

Siku zile kumi na nne hakuna aliyekula mchana wake kwa amani. Injini ilitokana na springi ya saa ya mezani iliyokufa. Waipa alizitengeneza kwa pini na uzi kutoka kwa mumewe, ukivuta zinafagia kioo kwelikweli. Taa alizitoa kwenye kitochi cha funguo. Honi ilimsumbua sana, mpaka alipopasua bata wa mpira wa kuogea na kukipachika kile kinachomliza chini ya boneti. Ilikuwa katika siku hizo, akikata kifutio kuwa vipande vya breki, ndipo aliponisimulia habari ya kona na baba yake. Alisimulia akiwa ameinama, kibano mkononi, na sikuona uso wake.

Siku ya kumi na moja alilileta. Madereva waliacha magari yao kwenye foleni, wakajaa dirishani. Nililiweka juu ya shimo namba mbili, kwenye ubao, nikashuka na tochi kama kanuni inavyotaka. Taa zikawaka. Waipa zikafagia. Nikabonyeza boneti, likalia kama bata, na hakuna kifungu kinachokataza. Ikabaki breki: juu ya mteremko, sekunde kumi bila kusogea. Tuliinua ubao kwa matofali mawili. Kituo kizima kilihesabu. Kwenye sekunde ya saba Kabati liliteleza, likashuka ubao wote, likaangukia kwenye kofia yangu.

Ndugu zangu, nililiokota Kabati nikalirudisha juu ya ubao. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi hii kwa miaka kumi na moja. Nilijua kwamba hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu kwa kupitisha kigari cha plastiki. Nilichukua kalamu, nikaandika: halifai.

"Sababu?" aliuliza.

"Breki za nyuma hazishiki."

Alichukua fomu, akaisoma yote. "Umesahau tarehe," alisema. Kisha akaniwekea mkono begani, akauacha pale kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake, ambayo ni kutouweka kabisa.

Siku ya kumi na nne alirudi na vipande vipya vya kifutio, na pia na baba yake, mzee wa miaka themanini na minne, kofia kichwani, akitembea taratibu kati ya mistari ya magari huku akiyakagua kwa jicho la dharau. Tuliinua ubao. Sekunde kumi. Tukahesabu hadi ishirini, kwa raha zetu. Halikusogea hata unywele. Nikaweka sahihi, afisa, aliyekuwa amerudi kufunga faili lake, akapiga muhuri, na kelele zilizopigwa zilimfanya mlinzi afunge geti.

Mzee alilichukua Kabati kiganjani, akachungulia ndani, akafunga mlango wake kwa ukucha. Hapo Mama Rudi akasema lile alilolibeba miaka yote.

"Baba, unisamehe ile habari ya kona."

"Kona ipi? Ya shule?" Mzee alimtazama kwa mshangao. "Mwanangu, mimi kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu uniambie nikushushe palepale. Mbele kulikuwa na kile kilima. Lile gari lilikuwa halikiwezi."

Mama Rudi alikaa juu ya tairi la akiba, akacheka mpaka machozi, na sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko. Baba yake alisubiri amalize, kisha akabonyeza boneti, bata akalia, wakaanza upya wote wawili.

Stika ya kufaulu ilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe, ikabidi tuibandike juu ya paa na kuikunja pande zote nne. Faili lilifungwa. Kule makao makuu, hadi leo, kumbukumbu zinaonyesha kwamba kituo chetu kilirekebisha na kurudisha barabarani chombo cha mita kumi na nane, na tulipata barua ya pongezi.

Mama Rudi, kwa niaba ya wote uliotufundisha kusikiliza beringi kwa kiganja na uongo kwa sikio, asante. Asante kwa watu wengi waliofika nyumbani salama wakikulaani njia nzima. Asante kwa kunirudishia rasimu hii mara nne.

Wiki iliyopita tumesikia umenunua gari la kweli kutoka kwa mwalimu mkuu mstaafu, lile la kijani lililokaa miezi sita na tangazo dirishani bila mtu kuuliza. Nimeliona limeegeshwa nje ya geti. Nimelizunguka mara moja tu, kwa heshima. Tunakutakia maisha mema na barabara ndefu, wewe, fundi cherehani na mzee. Ila taa ya breki ya kushoto haiwaki.