Venuste Ntirampeba, Sauti ya Base Camp na Fundi wa «Mabati»

Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, saa nane mchana, Bwana Venuste Ntirampeba atahitimisha utumishi wa miaka ishirini na mmoja na miezi kumi katika Kituo chetu cha Habari na Sanaa, hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Aliajiriwa mwezi Mei 2004 kama fundi wa sauti. Anaondoka akiwa fundi wa sauti, msomaji mkuu wa matangazo, na mtumishi pekee ambaye hajawahi kupoteza ufunguo wa stoo. Wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka. Kila mmoja wao, katika wiki yake ya kwanza, aliambiwa amuulize Mzee Venuste.

Alizaliwa Ruyigi, Burundi, mwaka 1966. Kabla ya kuajiriwa alikuwa na meza ya kutengeneza redio sokoni, meza ambayo mkewe, Mama Marcienne, aliitunza kwa miaka mingi baadaye. Kituo kilipofunga spika nne za chuma juu ya nguzo, zile ambazo kila mkazi huziita matarumbeta, fundi aliyezifunga aliondoka zikiwa zinakoroma. Venuste aliitwa kwa kazi ya siku moja. Siku hiyo haijaisha hadi Ijumaa hii.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa yake peke yake. Baada ya kusoma tangazo kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, alipanda baiskeli hadi nyumba ya mwisho ambayo sauti ilipaswa kufika. Hakuuliza kama wamesikia, kwa sababu swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Aliuliza wamesikia nini. Mtu akikosea siku au mahali, Venuste alirudi akasoma upya, polepole zaidi. Mwandishi wa makala haya amesoma vitabu kadhaa vya mawasiliano ya umma chuoni Mbarara, na anathubutu kusema kwamba hakuna hata kimoja kilichomfundisha jambo hilo kwa ufupi kama baiskeli ile.

Hakukosa vituko. Mwaka 2009 alitangaza mbuzi aliyepotea, naye akamweleza kwa ukamilifu wa kupindukia: rangi, sikio lililochanika, mwendo, hata tabia. Kabla ya jua kuzama mbuzi wanne walikuwa wamefungwa mlangoni pa ofisi. Mwenye mbuzi aliwatazama mmoja mmoja, akawakataa wote. Ilimchukua Venuste siku mbili za matangazo kuwarudisha wanyama hao kwa wenyewe, na tangu hapo akaamua kwamba mbuzi hutangazwa kwa rangi tu.

Wengi nje ya Nakivale, hata hivyo, wanalijua jina lake kutokana na muziki, na hapo ndipo makala haya yanapaswa kukaa kwa muda.

Bendi ya Vumbi la Rubondo ilizaliwa katika stoo yetu: Gradi kwenye gitaa, Bienvenu kwenye dramu, Divine kwenye besi na uimbaji. Mwaka 2019 Venuste alirekodi albamu yao ya kwanza, «Asubuhi Njema», mablanketi yakiwa yametundikwa ukutani ili kuzuia mwangwi. Ilikuwa albamu tamu, ya pop iliyotiwa roki kidogo, na ilipendwa. Ilipigwa harusini kuanzia hapa hadi Isingiro. Huko Masha mfugaji mmoja aliagiza wimbo uleule urudiwe mara nne kabla hajaruhusu chakula kugawiwa.

Kupendwa huko ndiko kulikomchosha Divine. Mwaka 2022, walipoanza kutayarisha albamu ya pili, alilieleza tatizo lake kwa maneno machache: «Watu banacheza tu. Maneno, hakuna mwenye anayasikia.» Nyimbo mpya zilihusu kusubiri: foleni, mitihani ya mbali, majibu ya barua yasiyokuja. Zilihitaji sauti ngumu, na gitaa la Gradi, kupitia spika yake ndogo, lilisikika safi kama sahani iliyooshwa.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba gitaa linalonguruma ni kitu cha kuazima kisichowahusu vijana wa Kivu na Burundi. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayeifahamu historia ya muziki wa Kongo anajua kwamba wapigaji wa likembe, ala ya vyuma ipigwayo kwa vidole gumba, mjini Kinshasa waliunganisha ala zao na vipaza sauti vibovu, wakayapenda makwaruzo yale, wakayafanya kuwa sehemu ya wimbo. Mkwaruzo hauna pasipoti. Venuste hakuyasoma hayo popote. Alichofanya ni kushusha kutoka rafuni amplifaya ya kwanza ya matangazo, iliyopumzishwa mwaka 2015 kwa sababu ya kukoroma, akachomeka gitaa la Gradi ndani yake.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mvua kubwa juu ya bati. Albamu ilipata jina palepale.

Siku hiyo, Jumanne moja ya Oktoba, Venuste alitaka kuisikia sauti ile kwa upana wake, hivyo akaiunganisha na tarumbeta la akiba lililokuwa sakafuni. Waya alioutumia ulikuwa bado unakwenda hadi nguzo za nje. Ni yeye aliyeuunganisha huko miaka saba kabla, kama akiba ya dharura, na ni yeye aliyesahau. Ndani ya stoo, masikio yakiwa yamejaa dramu, hakuna aliyetambua. Kwa dakika kumi na moja Base Camp nzima ilisikiliza gitaa la Gradi.

Msomaji asiyeishi hapa anahitaji kufahamishwa jambo moja. Matarumbeta yale hayakuwahi kupiga muziki tangu yafungwe. Yakikoroma, kuna tangazo. Na wiki ile mgao wa chakula ulikuwa umechelewa kwa siku kumi na tatu. Walio karibu walisikia gitaa. Walio mbali walisikia mkoromo tu, wakachukua kadi na magunia, wakaja. Bienvenu alipofungua mlango kutafuta hewa, alikuta watu wasiopungua mia tatu wamejipanga kwa utaratibu mzuri, na mbele yao Mama Bénédicte, muuza sombe, yaani kisamvu, ambaye aliuliza kwa niaba ya wote: «Baba Venuste, ile gitare tutaipika na sombe ao na maharagi?»

Watu wachache walicheka. Yeye mwenyewe hakucheka, kwa maana alikuwa ameacha biashara yake sokoni na kuja mbio.

Venuste alipanda juu ya kreti, akasema kosa ni lake, si la vijana, akaeleza lilivyotokea hadi waya wa mwisho. Kamati ya kituo iliizuia bendi kufanya mazoezi hapa hadi itakapoamua vinginevyo, na vijana waliona kwamba albamu imekufa. Lakini pigo lenyewe lilikuja siku ya tatu, na halikuwa la bendi. Venuste alisoma tangazo la chanjo ya surua kwa watoto. Kwa kawaida uwanja ungejaa kabla ya saa tatu. Hadi adhuhuri walikuwa wamefika akina mama arobaini na wawili. Alipopanda baiskeli yake hadi nyumba ya mwisho na kuuliza wamesikia nini, mzee mmoja alimjibu bila ubaya wowote: «Tulisikia munapiga gitare tena.»

Kazi ya miaka kumi na minane ilikuwa imeharibika kwa dakika kumi na moja, na waliokuwa hatarini ni watoto ambao hawakuchanjwa.

Alichofanya baadaye ndicho kinachostahili kukumbukwa kuliko albamu yoyote. Kwa siku tisa alikwenda kijiji kwa kijiji, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa miguu mnyororo ulipokatika, akiwa amebeba kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu na kijiko cha chai. Kila aliposimama aliomba radhi, kisha akafundisha. Kuanzia sasa, kabla ya kila tangazo, atagonga kikombe hiki kwa kijiko mara tatu mbele ya maikrofoni. Mkisikia kikombe, njooni. Msiposikia kikombe, hata matarumbeta yakinguruma vipi, endeleeni na kazi zenu. Watoto walikariri mara moja. Ndani ya wiki moja walikuwa wakigonga kila chombo cha bati walichokiona, na Venuste akalazimika kurudi katika vijiji viwili kuomba kikombe kiachwe kwa ajili ya kazi hiyo pekee. Chanjo ilitangazwa upya. Uwanja ulijaa kabla ya saa tatu.

Baada ya hapo kamati iliirudisha bendi, kwa sharti kwamba ile amplifaya ya zamani isiwashwe tena ndani ya Base Camp. Sharti lilikuwa la haki. Venuste aliomba likizo yake ya mwaka, akaifunga amplifaya kwa blanketi, akabeba tarumbeta la akiba begani, akaondoka na vijana hadi Mbarara, kwenye studio ya Bwana Mbabazi, ghorofani juu ya duka la magodoro.

Bwana Mbabazi ni fundi makini, na aliposikia gitaa kupitia mzigo ule alidhani umeharibika njiani. «Mzee, hii kitu imeungua,» alisema. «Wacha mimi nasafisha.» Venuste alimjibu kwamba wamesafiri nayo kilomita zote hizo ikiwa imeungua hivyo hivyo, na kwamba akiisafisha watalazimika kuirudisha Nakivale ikaungue tena. Siku tatu baadaye Mbabazi ndiye aliyekuwa akiomba iongezwe.

Ubishi mkubwa wa siku zile ulikuwa mwingine, na mwandishi wa makala haya alikuwa upande ulioshindwa. Bendi ilitaka albamu ianze kwa mapigo matatu ya kikombe. Nilikuwa nimehitimu miezi michache kabla, ninajitolea kituoni, nilisafiri nao hadi Mbarara, na niliiunga mkono hoja hiyo kwa nguvu zangu zote. Nilisema kwamba sanaa huchukua alama za maisha ya watu na kuzipa maana ya pili. Nilisema kwamba kikombe kile ni utambulisho wetu, na kwamba msikilizaji wa Kampala au Bujumbura angetambua kwa sekunde moja albamu hii imetoka wapi. Nilizungumza, kwa hesabu ya Gradi, dakika ishirini. Venuste alisubiri nimalize, kisha akauliza: «Na ikipigwa dukani, mama wa nyumba ya mwisho atajuaje?»

Nilidai nina jibu, na nikaendelea kudai hadi tulipopanda gari la kurudi. Divine alielewa kabla yangu. Alikuwa amelalamika kwamba hakuna anayesikia maneno yake, na huyu hapa mtu aliyetumia siku tisa ili maneno yasikike. Aliagiza kikombe kiondolewe. «Mabati» inaanza na gitaa peke yake, likikoroma, bila tangazo lolote.

Ilitoka Julai 2023. Baadhi ya waliopenda «Asubuhi Njema» hawakuipenda, na harusi zilipungua. Mfugaji wa Masha alituma salamu kwamba ng'ombe wake hawakuikubali. Lakini vijana wa Juru waliimba «Foleni» neno kwa neno, na maduka ya Base Camp yaliipiga kutwa kwa miezi mingi, kwa sauti kubwa, milango ikiwa wazi. Katika muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyeinuka na gunia. Huo ndio uhakiki wa kweli wa albamu ile, na ulitolewa na watu ambao hawakujua kwamba wanahakiki. Kwa ajili ya kumbukumbu, mwandishi anakiri hapa kwa maandishi kwamba Mzee Venuste alikuwa sahihi.

Tangu mwaka jana amekuwa akimfundisha Bi. Alida, atakayeshika nafasi yake. Masomo yalianza na baiskeli. Maikrofoni ilifuata miezi miwili baadaye. Anatuachia madaftari thelathini na saba yenye kila tangazo alilolisoma, mchoro wa nyaya zote za kituo, waya ule wa mwaka 2015 ukiwa umezungushiwa wino mwekundu, na ile amplifaya, imefungwa kwa blanketi, yenye karatasi iliyoandikwa «Si hapa». Yeye na Mama Marcienne wanarudi kwenye meza yao ya redio sokoni. Atakayepeleka redio inayokoroma aseme mapema kama anataka itengenezwe.

Mzee Venuste, kituo hiki kinakushukuru kwa kila neno lililofika lilipopaswa kufika, na kwa moja, la kikombe, ulilolizuia Mbarara. Tunakuombea wewe na Mama Marcienne afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu, na miaka mingi ya kusikiliza bila kuhitaji kuuliza wengine wamesikia nini. Ijumaa Vumbi la Rubondo watapiga uwanjani, nawe utakaa mstari wa mbele bila kushika waya wowote. Kisha gitaa litanyamaza, na Alida atagonga kikombe mara tatu. Ukisikia, inuka uje. Litakuwa tangazo la kweli, na ni lako.