Sista Hodi na Bafu la Mwisho

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pekee wa mama mshona nguo. Alipokuwa na miaka sita, mama yake aliugua ghafla akafariki nyumbani, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mtoto hakulifikia komeo. Alikaa chumbani na mama yake mpaka jirani, aliyeshangaa kuona taa inawaka mchana kutwa, alipouvunja mlango.

Mama mdogo alimchukua akamlea pamoja nasi watoto wake. Karibu mwaka mzima mtoto hakutamka neno. Mama mdogo hakumlazimisha. Alikuwa akipiga naye soga jikoni, anauliza swali, ananyamaza kidogo kana kwamba anasikiliza jibu, kisha anaendelea. Siku mtoto alipofungua kinywa alikuwa akimenya viazi, uso kauelekeza ukutani. Alisema, "Bado anapumua." Mama mdogo alimuuliza kama anaogopa. Akasema haogopi. Tangu hapo akaongea kama watoto wengine, na hadithi hiyo haikurudiwa nyumbani.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akapata stashahada ya uuguzi mwaka 1980, kisha akasomea afya ya akili. Jina la Sista Hodi alilipatia chuoni, maana hakuingia chumba cha mgonjwa bila kupiga hodi na kusubiri, hata kama mgonjwa hana fahamu. Wenzake walimtania kwamba iko siku atapiga hodi mochwari. Aliwajibu kwamba huko ndiko atakakosubiri zaidi.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kituo cha watu waliobanwa pande mbili, maradhi ya akili upande mmoja, pombe na dawa za kulevya upande wa pili. Mwisho wa korido palikuwa na bafu ambalo wakaazi hawakutaka kuliingia. Mkuu wa kituo aliona ni ukaidi tu, akaagiza kwamba asiyeoga hatapata wageni. Siku moja wahudumu wawili walimsukumia humo seremala mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha dawa, wakamfungia. Alivunja dirisha kwa mikono mitupu. Alipotolewa damu zikimchuruzika, mkuu aliamua afukuzwe jioni ileile, na kila mtu alijua kwamba akirudi mtaani hatamaliza mwezi.

Sista Hodi aliomba aachiwe mgonjwa huyo kwa siku chache, akakubaliwa. Alimfunga majeraha, akaketi naye sakafuni koridoni, pembeni yake, si mbele yake. Seremala alimwambia kwamba mle ndani kuna mtu anapumua. Wahudumu wakacheka.

"Unamfahamu?" Sista aliuliza.

Seremala aliitikia kwa kichwa. "Ni baba. Alikuwa akisimama hivyo nje ya mlango wetu kabla ya kuingia kutupiga."

Sista hakumwambia kwamba hakuna mtu. Alizunguka kwa wengine, mmoja mmoja, faragha. Wote walisikia pumzi, na kila mmoja alikuwa na wake: mume, askari, mjomba. Ndipo akaenda mwenyewe, adhuhuri jua likiwaka, akapiga hodi, akaingia, akafunga mlango. Alitoka uso umemsawijika.

"Na mimi nimemsikia," alimwambia mkuu.

Mkuu alimjibu taratibu kwamba muuguzi anayesikia yanayosikiwa na wagonjwa hawezi kukaa upande wa wauguzi. Kazi yake ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Sista akaomba jambo moja tu, aitwe fundi bomba.

Fundi alitoboa ukuta, akachomoa bomba kuukuu, akamweleza mkuu kwamba hilo ndilo lililokuwa likivuta hewa tangi la juu likijaa. Mkuu alicheka akishusha pumzi, mambo yakaisha. Lakini Sista alimwambia, "Bomba ni moja. Kila mmoja alimsikia wa kwake. Hao hatujawachomoa."

Mkuu akafuta amri ya kufukuza. Seremala alibaki, na kuanzia hapo mambo yalibadilika kidogokidogo. Hakuna aliyeguswa bila kuombwa ruhusa, hakuna aliyefungiwa, na aliyeteleza akarudia dawa aliulizwa kilichompata kabla ya kuulizwa alichofanya. Seremala mwenyewe aliteleza mara kadhaa, akapokewa kila mara. Hatimaye ndiye aliyetengeneza makomeo ya ndani ya vyumba vyote.

Tarehe 6 Februari 1988 Sista Hodi alifunga ndoa na yule fundi bomba. Familia haijaacha kumtania shemeji kwamba alikuja kutoboa ukuta akaondoka na muuguzi. Juma hili, katika maombolezo, ametupa ruhusa tuseme jambo aliloliweka moyoni. Bomba lile lilikuwa limezibwa kwa saruji ncha zote mbili. Halikuweza kuvuta hewa. Alisema vile kwa sababu aliiona kazi ya dada yetu inapotea. Alipomwambia mkewe, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, dada hakushangaa. Alimweleza kwamba pumzi haikuondoka na bomba, ndiyo sababu hajaacha kupiga hodi kwenye bafu lile, hata likiwa tupu. Mumewe alimuuliza humo anamsikia nani.

"Mama," alisema. "Lakini siku hizi hapumui kwa shida."

Alistaafu mwaka 2018. Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa utulivu, binti zake wakipokezana kumuuguza, akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024, madirisha yakiwa wazi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mama mdogo aliyemlea, na ndugu zake tuliokua naye. Ameacha pia watu wa kituo, ambao aliagiza wasiitwe majina hadharani, wala wasilazimishwe kuaga mwili. Kwa agizo lake, viti vya nyuma kabisa, kando ya njia ya kutokea, ni vyao. Anayetaka kuondoka katikati ya maziko aondoke, na anayerudi arudi. Tunaomba msigeuke kuwatazama, wala kuhesabu wako wangapi.

Dada, lala salama, upumzike.