Mama Wembe Auachia Wembe

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya tishu ya hospitali yetu, Mama Wembe anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo lilitokana na wembe wa mashine ya kukatia tishu. Wapo wanaodai lilitokana na ulimi wake, na sisi tuliofundishwa naye hatuna ubavu wa kubisha.

Kwa wasioijua kazi yetu: kinyama kilichotolewa mwilini mwa mgonjwa hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utando huo huelea kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, huopolewa kwa kioo, hupakwa rangi, ndipo daktari auangalie kwa hadubini.

Mama Wembe alitufundisha kwamba mwili una koo nne tu za tishu, na kila ukoo una tabia zake. Tishu funikizi, zinazotanda kwenye ngozi na ndani ya utumbo, zimepangana kama vigae; ukizikata kimshazari zitakudanganya. Za misuli ni nyuzinyuzi, hazitaki haraka. Za neva ni laini, hazipendi kuguswaguswa. Wenye vituko ni ukoo wa nne, tishu unganishi: humo mna mfupa, ambao lazima ulainishwe kwa asidi, na mna mafuta, ambayo nta haiyashiki vizuri. Mafuta, alisema, ni shemeji mkorofi: kumfukuza huwezi, kumzoea huwezi.

Sheria yake kuu ilikuwa kufagia maji. Kabla ya kugusa kipande cha mgonjwa mwingine, pitisha karatasi laini juu ya beseni. Miaka mingi nyuma, yeye akiwa likizo, mtu hakufagia. Chembe za saratani ya mgonjwa mmoja zikabaki majini, zikanasa kwenye kioo cha mama kijana aliyekuwa mzima kabisa. Mama yule alikaa wiki nzima akiwatazama wanawe kama anayewaaga, hadi kosa lilipogunduliwa.

Tangu hapo Mama Wembe hakumwamini mtu. Kila alipoanza likizo alisahau mwavuli wake maabara, na kesho yake asubuhi alikuja kuufuata, akakaa mpaka jioni. Asiyefagia maji aliinuliwa kwenye kiti mbele ya watu. Tulilia, naye hakujali. Mchelea mwana kulia, alituambia, hulia yeye. Umri wa kustaafu ulipofika aliomba aongezewe muda, na ulipokwisha akaomba tena. Wengine walinung'unika kwamba anang'ang'ania kiti. Masikini, hakuwa na wa kumwachia.

Mwaka jana aliota uvimbe begani, ukakatwa kipande. Kwetu mtu haruhusiwi kukata tishu yake mwenyewe, kwa hiyo alishauriwa kipelekwe maabara kubwa zaidi. Akakataa. Alikiweka mezani kwangu mimi ninayeandika haya, niliyeinuliwa kitini mara nyingi kuliko wenzangu wote, akatoka.

Siku ya kukata alikaa na bintiye kwenye benchi la wagonjwa. Mimi nilikuwa ndani. Nilifagia maji, nikafagia tena. Kipande kilikuwa mafuta matupu, kikawa kinameguka. Nikakipoza kwenye barafu na kuanza upya, huku nikiwaza nitamwambia nini kama ni kibaya. Daktari alichungulia kwa muda uliotuchosha roho, kisha akatamka kuwa ni uvimbe wa mafuta tu, hauna madhara.

Nilipompelekea habari, bintiye alimkumbatia na kulia. Yeye aliomba kwanza aone kioo. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mahali utando ulipojikunja kidogo, akaguna. Kisha akanishika mkono.

"Nimekuachia mwili wangu," akasema. "Na miili ya watu nakuachia."

Wiki hiyohiyo aliomba kustaafu.

Mama yetu, tunakushukuru kwa ukali wako, ambao kumbe wote ulikuwa huruma kwa watu usiowahi kuwaona sura. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na asubuhi za kulala mpaka jua lichomoze vizuri. Wagonjwa wako tutawatunza.