Debe la Mafuta ya Karanga

Mwaka ule dizeli ilipoadimika, Paskalia alipanda lori la kwenda Geita akimfuata mumewe mgodini. Alikaa kati ya fundi wa pampu na mama mmoja mpika gongo, akiomba walau mmoja wao asinzie.

"Nilichanganya debe zima la mafuta ya karanga na gongo na soda kali, ile inayounguza ngozi," fundi alisema. "Mzungu mmoja aliniambia yatakuwa mepesi, yataendesha pampu badala ya dizeli. Yakaganda, yakawa sabuni! Gongo yenu ina maji, mayu, ndiyo yaliyoharibu," akamgeukia yule mama.

"Maji lazima tuongeze, baba, wanywaji wasife."

"Pampu haitaki hata tone la maji."

"Kwa hiyo walevi wafe, pampu ipone?"

Tangu Kahama walikuwa kwenye ubishi huo huo. Paskalia aliwaza karanga za debe zima, na mikono iliyozimenya, akachoka zaidi.

Lori liliposimama mgodini, pampu ilikuwa kimya. Wanaume walikuwa wakichota maji shimoni kwa ndoo, matope hadi kwenye nyusi. Paskalia alimtambua mumewe kwa kikohozi chake tu. Fundi alishuka bila kumwangalia mtu, akafungua gunia lake, akaanza kuwagawia sabuni.