Jaji Aliyeipinga Hukumu Yake: Leland Brekhus Aiaga Mahakama

Tarehe 31 Agosti, Jaji Leland Brekhus atastaafu baada ya kuitumikia mahakama yetu ya rufaa ya shirikisho kwa miaka ishirini na minne. Mimi nimekuwa katibu muhtasi wake muda wote huo, kasoro wiki mbili za mwanzo alipokuwa akitafuta mtu anayeweza kusoma mwandiko wake. Hakumpata. Akanipata mimi, nikajifunza.

Wenzetu wa makao makuu hawalijui jengo letu la Brenholt. Majaji wa rufaa huishi kila mmoja katika mji wake, na hukutana wiki moja kwa mwezi kusikiliza kesi watatu watatu. Wiki zilizobaki Jaji alikuwa hapa Dakota Kaskazini, ghorofa ya nne, pamoja nami na wanasheria wasaidizi wawili wanaokuja Agosti na kuondoka Agosti inayofuata. Ghorofa ya kwanza hadi ya tatu ni tupu tangu ofisi za kilimo zihame. Chini kabisa ni posta.

Mji wenyewe una watu elfu sita, na wakili yeyote aliyemo anaweza kesho kusimama mbele yake. Kwa hiyo aliacha kwenda nao kuvua samaki kwenye barafu, akaacha na karata za Alhamisi. Mkewe, Bi. Solveig, alipofariki miaka saba iliyopita, Jaji akawa anakula mchana mezani pake, supu ya viazi na vitonge vya unga kutoka kwenye chupa ya chai, mlango wazi ili anisikie nikipiga chapa. Nakiri hapa kwamba siku nyingi nilipiga chapa bila kuwa na kazi yoyote.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa huzuni tu. Wasaidizi wake wote wanakumbuka alivyokuwa akilifuta neno “dhahiri” kila alipolikuta kwenye rasimu zao, akiuliza, ikiwa jambo ni dhahiri, hawa watu wamekata rufaa ya nini. Kila Agosti aliwapeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, kwa gari lake lisilo na redio. Akirudi, kwa siku tatu alikuwa hasemeshwi.

Ameandika hukumu mia nane na kumi na mbili. Nilitaka kuzisifia zile zinazofundishwa vyuoni, akanikataza. Alisema nikiandika chochote, niandike ya Verna Dockter na ya Clayton Ruud, basi.

Bi. Dockter alikuwa mfuaji nguo wa hospitali aliyeharibika mgongo. Miaka ishirini na moja iliyopita alinyimwa mafao ya ulemavu kwa barua. Sheria humpa mtu siku sitini za kwenda mahakamani tangu barua imfikie, na huchukulia kwamba barua hufika siku ya tano. Kwa hesabu hiyo alikuwa amechelewa siku mbili. Aliapa kwamba theluji ilifunga barabara, na barua ilimfikia siku ya kumi na moja. Jaji Brekhus aliandika kwamba kiapo chake peke yake hakitoshi, alipaswa kuleta uthibitisho mwingine, mathalani karatasi ya posta. Kesi ikafungwa bila kusikilizwa, na hukumu hiyo ikawafunga wengi waliokuja nyuma yake.

Halafu, majira ya baridi ya mwaka juzi, Jaji alipata mwaliko wa harusi ya msaidizi wake wa zamani, Tobias Reinholt, siku nne baada ya harusi. Dhoruba ilikuwa imezuia magari ya barua. Tobias alikuwa amemwekea kiti safu ya mbele, mahali pa baba. Jaji aliona vibaya sana. Akashuka posta kumwomba Bi. Jolene Wentz, msimamizi, ampe karatasi ya kuonyesha siku barua ilipofika, amtumie Tobias. Nilikuwa naye. Jolene alimtazama kama mtu aliyeagiza kahawa kwa kinyozi.

“Jaji, karatasi hiyo haipo,” alisema. “Haijawahi kuwepo. Barua ya kawaida tunaitia kwenye sanduku la mtu tunakwenda zetu, hatuandiki popote.”

Jaji alipanda ngazi zote nne kwa miguu. Jioni, nikivaa koti, akanena. “Arlys, miaka yote hii nimewadai watu karatasi isiyokuwepo. Na wa kuniambia alikuwa hapo chini.”

Januari mwaka huu ikaja kesi ya Bw. Ruud, fundi wa kiwanda cha sukari, mgongo pia, theluji pia, amechelewa siku tatu. Watu wameniuliza kwa nini Jaji hakumpa haki yake palepale. Hakuweza. Majaji watatu hawawezi kuivunja hukumu iliyotangulia, hata kama aliyeiandika ameketi kati yao. Majaji wote kumi na mmoja ndio wenye uwezo huo, wakikubali kukaa pamoja. Basi aliandika kurasa nne za kumkatalia Bw. Ruud, na chini yake kurasa mbili za kwake, zinazoanza hivi: “Aliyeandika hukumu inayotufunga leo alikosea. Ninamfahamu vizuri.” Akawaomba wenzake wakae wote.

Ili wakae, zilihitajika kura sita. Barua yake ya kustaafu ilikuwa imekwisha kwenda, na baada ya Agosti kura yake isingehesabiwa. Kura hizo huja kwa kompyuta, lakini kila asubuhi aliniuliza kama posta imeleta kitu. Ile ya sita ilikuja Aprili, kutoka kwa Jaji Camille Stroud, ambaye wamebishana naye miaka tisa mfululizo. Tarehe 12 Agosti majaji wote walitoa uamuzi, wanane kwa watatu: kiapo cha mtu anayeaminika kinatosha. Bw. Ruud atasikilizwa.

Nilileta pai. Jaji alikula nusu kipande, akauliza habari za Verna Dockter. Kesi yake haiwezi kufunguliwa tena, hilo alilijua kuliko mimi. Na jaji hazungumzi na mwenye kesi ila kwa hukumu. Alichotaka kujua ni kama yu hai, na kama angekubali mgeni tarehe mosi Septemba, mgeni ambaye siku hiyo hatakuwa jaji wa mtu yeyote.

Nilimpigia simu. Ana miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake, umbali wa saa mbili kutoka hapa. Aliuliza mgeni anakuja kufanya nini. Nikamwambia, ni Jaji Brekhus, anakuja kusema kwamba yeye ndiye aliyekosea.

“Mume wangu ndiye angefaa kulisikia hilo,” alisema. “Mahakama iliposema neno langu halitoshi, naye akaacha kuniamini. Alikufa akidhani barua niliisahau kwenye gari. Mwambie aje.”

Nilimweleza Jaji neno kwa neno. Aliufunga mlango wake, mara ya kwanza tangu mazishi ya Bi. Solveig. Mimi nikakaa, sikupiga chapa.

Kwa hiyo makao makuu watuwie radhi: kwenye chakula cha mchana mlichomwandalia cha kumuaga, tarehe mosi, hatakuwepo. Kwa niaba ya wote waliopita ghorofa ya nne, asante, Jaji, kwa kazi yako. Uishi miaka mingi, ukiwa na watu. Na ukifika kwa Bi. Dockter, mwambie Arlys Schmaltz ndiye aliyeichapa hukumu ile, naye anaomba radhi.